Tarehe Iliyokuwa Nyuma ya Kadi

Claudine, aliyerithi kipindi changu redioni, ameniomba niandike jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi, ili yeye na vijana wengine wa idara ya Kiswahili wasianzie gizani. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu nistaafu nimebaki hapa mtaani Carama na kuku kumi na mmoja, na kuku hawajali hata kidogo jambo lililotokea jana. Ya pili, kuna kosa langu moja ambalo nataka mlisikie kwangu kabla hamjalisikia mtaani Bwiza. Bwiza wanalisimulia vizuri kuliko mimi.

Kwa asiyenijua: kwa miaka thelathini na moja nilikuwa sauti ya kipindi cha "Siku Kama ya Leo". Kila asubuhi, baada ya habari na kabla ya matangazo ya vifo, nilisoma kwa dakika nne mambo yaliyotokea tarehe kama ile katika miaka na karne zilizopita. Mfalme fulani kuvikwa taji, meli kuzama, daraja kufunguliwa, vita kwisha. Watu mjini waliniita Mzee Tarehe hata kabla sijapata mvi, nami nililipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa.

Siku ya kwanza nilifika na diploma ya sekondari, koti la kuazima, na imani kwamba naijua historia kwa kuwa mwalimu aliwahi kunisifu mbele ya darasa. Aliyenipokea ni Mzee Rajabu, mtu wa makamo, mtaratibu, aliyekianzisha kipindi hicho kwa mikono yake. Alinipa kadi moja na kipaza sauti. Nikasoma habari ya tetemeko la ardhi la nchi ya mbali kwa sauti nzito, nikinyanyua na kushusha, hadi mwisho. Mzee Rajabu alivua miwani.

"We unasoma misa?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Basi punguza. Watu iko wanakunywa chai."

Kila mara nilipokaa mbele ya kipaza sauti tangu siku ile, nilijikumbusha chai ya watu. Mara nyingi nilisahau katikati.

Chombo chetu cha kazi kilikuwa kisanduku cha mbao chenye vyumba kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi, na ndani yake vipande vya mbao vya kutenga siku mia tatu sitini na sita. Fundi seremala wa Bwiza aliyekitengeneza alidhani ni cha kuhifadhia vitunguu, akakitoboa matundu ili vipate hewa. Kupitia matundu hayo waliingia mende. Kadi tulizikata kwenye makatoni na kubandika habari juu yake kwa uji wa muhogo, na mende wa redio yetu walipenda sana uji wa muhogo. Mwezi wa tatu waliumaliza mara mbili. Kama mliona historia ya Machi ni nyembamba, kosa hilo si langu. Nalitaja mapema kwa kuwa ndilo pekee lisilo langu.

Kitabu chetu cha rejea kilikuwa ensiklopidia ya Kifaransa tuliyoachiwa na mapadri, ila mavoliumu yake yaliishia herufi ya M. Kwa miaka kadhaa wasikilizaji wetu walipata mengi kutoka Italia na Japani, lakini Ureno na Uswisi hakukutokea jambo lolote. Hakuna aliyelalamika. Jambo hilo lingenifundisha mapema kwamba watu wanaiamini redio hata inaponyamaza.

Kuna tarehe tajiri na tarehe maskini. Tarehe moja Julai haikuhitaji kuchimbwa: uhuru wetu na uhuru wa jirani zetu wa Rwanda, siku moja, mwaka mmoja. Lakini kuna siku katikati ya Agosti nilizokuwa nikizikuta tupu kama sahani ya jana. Tarehe ishirini na tisa Februari niliitayarisha kwa miaka minne, nikaisoma kwa dakika nne, nikakosea mstari wa pili.

Tena kuna tarehe za moto. Mnazijua, nami sitazitaja. Kwa siku hizo Mzee Rajabu aliniachia neno moja: "Siku ya moto, soma mambo ya baridi." Nami nilisoma mambo ya baridi. Siku ambazo nusu ya mji ilikuwa na majina ya wafu wake kooni, mimi niliwaeleza jinsi cherehani ilivyovumbuliwa. Mara moja, kwenye kioski cha mtaa wa Mutakura nilipokuwa nanunua chumvi, mwanamume mmoja aliitambua sauti yangu akasema polepole, "Leo ni siku nilizika kaka yangu. Asante kwa ile cherehani." Nilichukua chumvi nikaondoka. Siwashauri mfanye kama mimi, wala siwashauri mfanye kinyume. Nawaambia tu kwamba nilisikia.

Labda ndiyo sababu, Mzee Rajabu alipostaafu nikiwa na miaka miwili kazini, nikaamua kipindi kiwe cha watu wetu. Nilitaka tarehe maskini zijazwe na mambo ya hapa: soko lililoungua, kiboko aliyeingia mjini akalala mbele ya posta, mafuriko. Nilizikopi upya kadi zote za kisanduku kwa mwandiko wangu mzuri, zile za zamani nikazitupa, kisha nikahamia chumba cha nyuma kulikofungwa magazeti ya zamani kwa kamba za katani. Nilikaa humo na wembe miezi mingi. Nilijiona mwanahistoria. Nilinunua hata kalamu ya kuchomeka mfukoni.

Mwaka wa kumi wa kazi yangu mlinzi wa getini alinipigia simu kwamba kuna mama anamtaka "ule mutu wa tarehe". Nilidhani ni mshabiki. Nilichana nywele kabla ya kushuka.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na beseni la mandazi lililofunikwa kitambaa. Mkononi alishika karatasi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Ni we unasomaga Siku Kama ya Leo?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Sauti yako ni kubwa kuliko we mwenyewe." Hakucheka. "Mi ni Mama Asha, wa Bwiza. Bwana yangu alikufa mu ile boti ya mizigo unasomaga kila mwaka."

Nilimpa pole. Ile kadi naikumbuka, ilikuwa moja ya zile nilizozionea fahari: boti ndogo ya mizigo iliyozama ziwani mwaka wangu wa tatu kazini.

"Pole nimeshapokea. Nimekuja juu ya tarehe. Munasema ilizama tarehe tisa. Ilizama nane."

Akanionyesha ile karatasi. Ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha binti yake, Asha, tarehe nane ya mwezi ule ule.

"Baba yake alitoka alfajiri, tumbo bado haijaanza kuuma. Saa nane ya mchana nikazaa. Jioni wakaniletea habari, mutoto hata hajaoga. Siku moja, mzee. Siku moja nilipata mutoto na nikakosa bwana."

"Nimekuelewa, mama. Lakini siku moja mbele au nyuma..."

"Ngoja. Mama mukwe wangu alikuwa Rumonge. Alifika siku ya kuzika, akili ya kuuliza tarehe nani alikuwa nayo? Mwaka wa pili akaisikia kwako. Tisa. Basi yeye anahesabu: mutoto alizaliwa nane, baba yake alikuwa nyumbani, kesho yake mi nikamutuma ziwani. 'Kitovu ya mutoto haijakauka, we unatuma baba yake ku maji.' Kila mwaka siku ya hitima, mbele ya mashehe na majirani, ananiambia ni mi nilimuua mutoto wake. Nilimutuma saa ngapi, mzee? Nilikuwa sijazaa!"

Hapa ndipo ningepaswa kupanda ngazi, kufungua rundo la magazeti na kutazama. Ngazi zilikuwa kumi na nne. Badala yake nilimweleza mjane yule kwamba tarehe ni jambo gumu sana. Nilimweleza kwamba Warusi walifanya mapinduzi yao ya Oktoba mwezi wa Novemba, kwa kuwa kalenda yao ya zamani ilikuwa nyuma ya kalenda ya wengine. Wakati huo tulikuwa tumepata voliumu ya R, na nilikuwa nikitafuta mtu wa kumwonyesha. Alinisikiliza hadi mwisho, beseni kichwani.

"Na hao Warusi," akasema, "iko na mama mukwe?"

Mlinzi alicheka. Mimi nilikasirika, na mtu akikasirika hujificha nyuma ya kazi yake. Nikamwambia, "Mama, kadi ni kadi. Imetoka gazetini."

"Na mi nimetoka wapi?"

Hakungoja jibu. Aliacha mandazi mawili juu ya meza ya mlinzi, maana ndivyo alivyolelewa, akaenda. Niliyala yote mawili. Na mwaka ule, na miaka mingine ishirini na mmoja baada yake, niliendelea kusoma kwamba siku kama ya leo, tarehe tisa, boti ilizama.

Sasa nije nyumbani kwangu. Mke wangu Espérance hakuwahi kusikiliza kipindi changu. "Nakusikia hapa, inatosha," ndivyo alivyosema siku zote. Lakini mwaka wangu wa mwisho kazini binti yetu alimnunulia redio ndogo ya jikoni. Tarehe kumi na tatu ya mwezi wa ndoa yetu nilirudi na kitenge chini ya kwapa, kama kila mwaka, nikijisifu kimoyomoyo kuwa mume anayekumbuka.

"Leo nimekusikia," akasema. "Umesema mvua ya mawe iliyovunja mabati ya soko ilianguka siku kama ya leo."

"Ndiyo. Siku ya ndoa yetu. Umesahau tulivyojificha chini ya meza ya ofisa?"

"Sijasahau. Ilikuwa jana."

"Jana nini?"

"Ndoa yetu, Gaspard. Ni tarehe kumi na mbili."

Nilibishana naye. Mimi, mwenye kisanduku cha siku mia tatu sitini na sita, nilibishana na mwanamke kuhusu siku aliyoolewa. Akaenda chumbani akarudi na kitabu cha ndoa. Kumi na mbili, kwa muhuri.

"Basi mbona miaka yote hii nakuletea kitenge tarehe kumi na tatu na husemi neno?"

"Nilidhani unachelewa tu," akasema. "Wanaume wengine wanachelewa mwezi."

Ukweli ni kwamba sikuwahi kuikumbuka tarehe ya ndoa yangu. Nilikuwa nikiisoma kwenye kadi yangu mwenyewe, ile ya mvua ya mawe.

Kesho yake niliwahi ofisini nikageuza kisanduku juu chini. Chini kabisa, katika chumba cha Machi, kulikuwa na kadi moja ya Mzee Rajabu iliyonaswa na uji wa muhogo, ambayo mende waliichoka. Niliibandua. Mbele kulikuwa na tarehe na habari. Nyuma, kwa herufi ndogo, kulikuwa na tarehe nyingine, ya siku iliyofuata, na neno "gazeti".

Nikakumbuka. Juma langu la kwanza nilimwuliza kwa nini anaandika tarehe mbili, akanijibu: "Mbele ni siku ya jambo. Nyuma ni siku ya gazeti. Zinafanana kama mke na shemeji, usizichanganye." Nilicheka, sikuelewa. Nilipozikopi kadi upya niliona tarehe ya nyuma ni kupoteza wino. Na nilipoanza kuchimba magazeti mwenyewe, niliandika tarehe moja tu: ile iliyo juu ya ukurasa.

Gazeti hutoka asubuhi likisimulia mambo ya jana. Neno "jana" lilikuwa pale, mstari wa kwanza, katika kila habari niliyoikata kwa wembe. Nililisoma neno hilo mamia ya mara. Kwa kalamu ya biki, peke yangu, nilikuwa nimeisogeza nchi nzima siku moja mbele.

Nilipanda ngazi kumi na nne. Gazeti lenye habari ya boti lilikuwa la tarehe tisa. "Jana alasiri", lilianza.

Bwiza nilikwenda kwa miguu, ili nichelewe kidogo. Mama Asha nilimkuta kwenye kona niliyoelekezwa na wapita njia, mbele ya karai la mafuta, nywele zake nyeupe mbele.

"Nimekuja juu ya tarehe," nikasema.

"Miaka ishirini na moja," akajibu. "Ulipitia Urusi?"

Nilimweleza yote pale pale, mafuta yakichemka. Alitoa mandazi yaliyokuwa karaini moja moja, akazima jiko, akaniambia nimfuate. Nilidhani ananipeleka kwa balozi wa mtaa. Alinipeleka nyumbani kwake, na kwenye godoro karibu na mlango alikuwa ameketi Bibi Mwamini, mama mkwe wake, redio sikioni. Hilo sikulijua. Mwanamke yule alikuwa akimlisha, akimwogesha na kumfulia mtu aliyemwita muuaji mara moja kila mwaka.

Nilipiga magoti nikaeleza. Bibi alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"We ni nani?"

"Ni mimi ninayesoma redioni, bibi."

"Apana. Ule wa redio ni mutu mukubwa."

"Ni mimi, bibi. Nilikosea. Ilikuwa tarehe nane."

"We ni mutu tu," akasema. "Mudomo kila mutu iko nayo. Redio ndiyo ilisema tisa. Kama ni kweli, redio iseme nane."

Mkuu wetu redioni hakutaka. "Mzee, tukisahihisha moja, watu watauliza na zingine," alisema. Na zingine zilikuwa mbovu vile vile. Mwezi uliofuata nilistaafu. Nilipewa saa ya ukutani na soda mbili. Tarehe nane ilikuwa bado wiki saba.

Siku hiyo ilipofika nilikwenda redioni kama mgeni, nikaandika jina langu kwenye daftari la mlinzi. Claudine, ambaye sasa kipindi ni chake, alikuwa mlangoni mwa studio. Hakuwa ameomba ruhusa kwa mtu. "Ingia, mzee," akasema. "Una dakika nne. Usisome misa."

Sikusoma vita wala mfalme. Nilisema kwamba siku kama ya leo, tarehe nane, boti ndogo ya mizigo ilizama ziwani, na si tarehe tisa kama nilivyokuwa nikisema karibu miaka thelathini. Nikasema kwamba gazeti lilikuwa sahihi, mimi ndiye sikulisoma. Nikasema kuna mama alikuja kunisahihisha, naye alikuwa na haki, na siku ile alikuwa kwenye kitanda cha uzazi, hakumtuma mtu popote. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Claudine alipiga muziki.

Bwiza nilifika saa nne. Redio ilikuwa imezimwa. Bibi Mwamini alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti.

"Nimesikia," akasema. "Hakumutuma."

"Hakumtuma, bibi."

"Sasa mi nitamulaumu nani?"

Lilikuwa swali la kweli. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na ziwa halina masikio. Nikamwambia, "Nilaumu mimi."

"We ulimutuma mutoto yangu ku maji?"

"Hapana. Lakini nilikuambia uongo kila mwaka, na ukamwumiza mtu kwa uongo wangu."

Alilipima jambo hilo. "Kaa chini," akasema.

Nikakaa. Alinilaumu hadi adhana ya adhuhuri. Alianza na masikio yangu, akaenda kwa mama aliyenizaa, kwa walimu walionifundisha kusoma bila kuelewa, akarudi kwenye masikio. Nilijitetea mara moja tu, kuhusu mende, na akaniambia mende wana akili kuliko mimi maana wao waliiacha kadi ya Mzee Rajabu. Nilikuwa nimemweleza mengi mno.

Mama Asha alileta chai na mandazi. Akaweka sinia, akavuta kibao, akakaa nasi. Aliona nikimtazama.

"Siku ya hitima mi nasimamaga," akasema. "Tangu Asha alikuwa na mwaka moja. Napika, nasimama ku mulango, nangoja aseme." Akajimiminia chai. "Miguu ilizoea."

Bibi hakumwangalia. Alisukuma tu sahani ya mandazi kidogo, upande wa mkwe wake. Miaka ile ishirini na mmoja siwezi kuisahihisha kwa kalamu, na sikumwomba Mama Asha msamaha, kwa sababu angenipa, maana ndivyo alivyolelewa.

Kisanduku kiko kwangu kwa sasa, Claudine, usikitafute. Narekebisha kadi moja moja, mbele siku ya jambo, nyuma siku ya gazeti. Nimefika Juni. Kosa la zamani nalifuta kwa mstari mmoja tu, ili lisomeke. Ukipata jambo jipya, soma mstari wa kwanza wa habari kabla ya kuandika tarehe, na akija mtu getini kukubishia, panda ngazi kwanza, ndipo uongee.

Jambo la mwisho. Mwaka huu Bibi Mwamini aliniita tena, na wakati wa kuagana akaniambia mwaka ujao niwahi, kwa sababu kuna mengine hajayasema. Kwa hiyo mkinihitaji kwa lolote, nipigieni siku yoyote ya mwaka. Tarehe nane ya mwezi ule msinitafute. Niko kazini.